Alama za Jaji wa Tatu

Mwalimu Musyoka aliwapa wanakwaya wa Mukuru alama ngapi? Kwa wiki nzima swali hilo lilinisubiri kitandani, nyuma ya pazia la maua lililogawa sebule ya Mama Rasoa pale Maringo, na kila nilipojilaza nalo likajilaza. Kama aliwapa sabini na moja au pungufu, hakuna kilichoharibika: mshindi alikuwa mshindi, na mimi nilikuwa msichana mwenye wasiwasi tu, kama watu walivyosema siku zote. Kama aliwapa sabini na mbili au zaidi, basi nchi nzima ilikuwa imeonyeshwa uongo kupitia waya nilioutandaza kwa mikono yangu. Upande wa pili wa pazia kilisimama kinanda kipya kilichofunikwa leso, zawadi ya ushindi huo. Alfajiri, kabla hajawasha jiko, nilikuwa nikimsikia Mama Rasoa akiinua leso na kubonyeza kidude kimoja tu, polepole, bila kukitia umeme, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala.

Mwezi uliopita, baada ya miaka mingi, Mama Rasoa alizikwa kwao magharibi, na kabla ya safari tulikutana Maringo kwa maombi. Nyumba ni ile ile, mlango umepakwa rangi nyingine. Waliponiita niseme machache juu yake, nilisimama, nikasema alikuwa mpishi mzuri, nikaketi. Mwanakwaya mmoja wa zamani, sasa bibi mwenye fimbo, alininong'oneza, "Injinia, mbona hukusema ile ya TV?" Nikamwambia nimesahau. Sikuwa nimesahau. Watu wa Maringo wana namna yao ya kuisimulia hadithi ile, fupi na safi, na ndani yake mimi natoka vizuri. Wanaruka ile wiki. Mimi siwezi kuiruka, kwa sababu ndiyo iliyoniumba.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo kikuu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na nilikuwa nimepata kazi katika kituo kidogo cha runinga mjini. Mama Rasoa alinipa kitanda nyuma ya pazia kwa sababu binti yake alikuwa ameolewa na pengo lake lilikuwa linamsumbua. Sebule ile ilikuwa na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo ambavyo havikutumika, na meza iliyosogezwa ukutani kila Alhamisi jioni, kwaya aliyoiongoza ilipokuja kufanya mazoezi. Nilikula mrenda, mboga yenye ute unaovutika, hadi nikajifunza kuukata kwa vidole bila kujichafua kidevu. Nilikuwa na tabia ya kutafuna kucha nikiwaza, na nilikuwa nawaza wakati wote, hata juu ya sahani. "Kalia mikono, Mumbua," Mama Rasoa alikuwa akisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Ukimaliza kufikiria, utakula." Nami niliikalia mikono yangu, msichana mwenye digrii, mpaka aliponiruhusu kuitoa.

Kituo chetu kilikuwa na kipindi cha mashindano ya kwaya, kila Jumapili alasiri, moja kwa moja kutoka ukumbini. Majaji watatu walikuwa wakiandika alama kwenye vikaratasi, mtu akakimbia navyo hadi kwenye gari la matangazo lililoegeshwa nje, mwingine akajumlisha, mwingine akachapa, na mtangazaji akabaki jukwaani akisema maneno yasiyokwisha juu ya hali ya hewa. Mimi ndiye niliyependekeza kompyuta. Kila jaji angekuwa na yake mezani, nyingine ingekaa kwenye gari, na waya mmoja mweusi ungepita zote kama kamba ya nguo inavyopita misumari. Jaji akibonyeza, alama zingefika kwenye gari, zingejijumlisha, na papo hapo maandishi yangetokea chini ya picha, nchi nzima ikiona. Hakuna jaji ambaye angeona alama za mwenzake. Hilo ndilo lililompendeza mtayarishaji wetu, mwanamke mkali tuliyemwita Madam. "Hakuna kunong'onezana tena," alisema. "Mashine haina shemeji." Kipindi kilikuwa kinahamia ukumbi wa mtaa wetu kwa mwezi mzima, na Mama Rasoa aliposikia hivyo aliandikisha kwaya yake siku hiyo hiyo.

Niliogopa kila kitu. Niliogopa umeme ungepotea, nikaomba jenereta. Niliogopa mvua, nikaufunika waya kwa magunia. Niliogopa mbuzi, kwa kuwa wafanyabiashara wa soko la mbuzi la Kiamaiko huwapitisha popote, na Madam akacheka hadi akavua miwani. Kitu kimoja sikukiogopa. Mwisho wa waya wangu, chini ya jukwaa, ulifungwa kizibo kidogo cha chuma, kinene kama ncha ya kidole. Kazi yake ni kuzima ishara zinapofika mwisho. Bila kizibo hicho, ishara hugonga na kurudi kama mwangwi ndani ya tangi, na kompyuta haziwezi kusikilizana hata moja. Lakini watu wa picha nao wana waya zao, na mwisho wa waya wa picha nao hufungwa kizibo, cha umbo lile lile, cha kipimo tofauti. Picha isipokuwa nacho huwa nyeupe kupita kiasi. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Nilisoma juu ya radi na panya, lakini sikuwahi kufikiria kwamba fundi mwenzangu, mtu mwema, anaweza kuinama kuazima kitu ili kazi iende.

Jumapili ile ziliimba kwaya nne. Ya Mama Rasoa ilikuwa ya tatu, mavazi ya buluu, na nilipowaona kwenye kioo kidogo ndani ya gari nilitafuna kucha hadi nikahisi chumvi ya damu. Walipata mia mbili na thelathini. Ya mwisho ilikuwa kwaya ya Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda ya mabati. Walikuwa wamekuja kwa miguu, wanaume wengi wa viwandani na wanawake wa vibarua, bila sare, ila kila mmoja alikuwa amejifunga kitambaa cheupe mkononi. Kiongozi wao, Zakayo, kibarua wa kiwanda cha sabuni, hakupunga mikono kama viongozi wengine. Alisimama tu, akawatazama, nao wakaanza. Sikumbuki wimbo. Nakumbuka kwamba Madam aliacha kutoa amri, na mpiga picha akasahau kubadilisha picha. Kisha wakashuka, na majaji wawili wakabonyeza haraka. Jaji wa tatu, Mwalimu Musyoka, mstaafu mwenye heshima zake, alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kugusa chochote. Maandishi yakatokea: Mukuru kwa Njenga, mia moja na hamsini na nane. Wa mwisho, na kwa mbali. Mtangazaji akasoma, ukumbi ukacheka kidogo, cheko la huruma ambalo si huruma. Zakayo alisema kitu ambacho kipaza sauti kilikinasa: "Tumezoea." Na mimi, ndani ya gari, niliruka juu na kumkumbatia dereva, kwa sababu Mama Rasoa alikuwa ameshinda.

Nilikwenda kukunja waya nikiwa naimba. Chini ya jukwaa, mwisho wa waya ulikuwa uchi.

"Unatafuta hii?" Ochieng, fundi wa skrini, alikuwa amepiga magoti mbele ya ile skrini ya jukwaani ambayo wanakwaya hujitazamia. Alichomoa kizibo nyuma yake, akanitupia. "Niliazima, dada. Monita ilikuwa inawaka nyeupe, watu wanaonekana malaika kabla ya wakati wao."

"Saa ngapi, Ochieng?"

"Si hapo wale wa Mukuru walikuwa wanashuka? Dakika chache tu zimepita. Kwani ilikuwa ya nini? Nikaona imekaa tu hapo mwisho, haifanyi kazi."

Nilirudi kwenye gari nikitembea kama mtu aliyebeba maji. Kwenye skrini, nafasi ya jaji wa tatu upande wa Mukuru ilikuwa tupu. Programu ilikuwa imeisoma kama sifuri, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoiagiza: pasipo kitu, hesabu sifuri. Huko ukumbini kompyuta za majaji zilikuwa zimeshazimwa na kufungwa kwenye masanduku, na alama za Mwalimu Musyoka zilikuwa zimepotea pamoja na umeme. Alama aliyoona yeye ni ile aliyoiandika mwenyewe tu. Jumla aliisikia kama kila mtu, na angedhani wenzake ndio waliowabana. Nilikuwa nimetengeneza mtandao ambao ndani yake hakuna mtu hata mmoja angeweza kugundua kosa. Lakini hilo silo linalonichoma hadi leo. Linalonichoma ni kwamba kwaya ilipewa alama ambayo hata kwaya ya watoto haingepewa, mbele ya watu waliokuwa wamesikia kwa masikio yao, na hakuna aliyeshtuka. Walitoka Mukuru. Sifuri iliwakaa vizuri.

Desturi ya kwaya za mtaa ilikuwa kwamba zawadi haiingii nyumbani kimya. Hubebwa juu, watu wakiimba, kutoka ukumbini hadi mlangoni kwa kiongozi, na kila safu ya nyumba hutoka na matawi. Nilipotoka kwenye gari walikuwa wananingoja. "Injinia! Injinia wetu atangulie!" Wakanishika, wakaniweka mbele kabisa, kando ya kinanda. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa kliniki walipiga miluzi: "Injinia, niaje! Umetuweka kwa TV, si mchezo!" Wanawake walinipepea kwa matawi usoni. Nilitabasamu njia nzima. Mfukoni mwangu kilikuwa kile kizibo, nami nilikibana mpaka kikaniachia alama ya duara kiganjani.

Jumatatu nilimwendea Madam. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote, lakini nilisema nusu, kwa sauti ya mtu anayeulizia kalamu: kwamba huenda kulikuwa na hitilafu ndogo, kwamba huenda alama za jaji mmoja hazikufika. Alinitazama. "Jaji amelalamika?" Hapana. "Mukuru wamelalamika?" Hapana. "Basi ni nani anayelalamika, Mumbua?" Nikasema hakuna. Nilitoka ofisini mwake nikiwa mwepesi, nikanunua chapati mbili, nikazila nimesimama. Nataka msomaji ajue kwamba nilizifurahia. Ingetosha kumtafuta Mwalimu Musyoka na kumwuliza swali moja. Kila mtu alijua anakaa karibu na soko la Kariokor. Lakini kuuliza kungemaliza shaka, na shaka ilikuwa ndiyo blanketi langu. Mtu mwenye shaka bado hajakosa. Nilijiambia huenda aliwapa sitini. Wazee wa muziki hawapendi kwaya zisizo na sare. Nilijenga hoja hiyo hadi ikawa na nguzo na paa, na kila asubuhi kidude kimoja cha kinanda kikabonyezwa upande wa pili wa pazia, na nyumba yote ya hoja ikaanguka.

Alhamisi kwaya ilikuja kama kawaida. Nilisema naumwa kichwa, nikabaki kitandani, nikiwasikia wakisogeza meza. Walikuwa wanajiandaa kwa Jumapili, kwa kuwa washindi ndio hufungua kipindi kinachofuata. Kinanda kiliwashwa kwa mara ya kwanza na wote wakapiga kelele. Halafu sauti moja ya kike ikasema, "Na wale wa Mukuru je? Waliimba kama wanauza nyanya!"

"Nyanya zenyewe zimeoza," mwingine akadakia, na kicheko kikajaa sebule.

"Nyamazeni," alisema Mama Rasoa. Hakusema kwa hasira. "Mimi nilikuwa nimesimama pale kando wakiimba. Niliwaambia nyinyi tumeshindwa. Nani hakunisikia? Nilisema, jamani, mkono wa Mungu uko na hawa, twendeni nyumbani tukapike."

"Lakini majaji walisema..."

"Majaji wanajua zaidi yangu. Ndiyo maana nashukuru, na ndiyo maana sielewi. Haya, sauti ya pili, njooni hapa."

Nililala nikitazama maua ya pazia. Nilikuwa nimejidanganya kwamba ninanyamaza kwa ajili yake, nisimvunjie furaha. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa na shaka ile ile, ila ya kwake aliisema kwa sauti, mbele ya watu, na bado akatembea wima.

Jumamosi nilikwenda Kariokor. Mwalimu Musyoka alikuwa ameketi nje ya kibanda cha fundi wa akala, viatu vya matairi, mguu mmoja uchi, akingoja kiatu chake. Tukasalimiana Kikamba, akauliza habari za nyumbani, nami nikajibu zote, nikiomba moyoni azidi kuuliza. Mwishowe nikasema, "Mwalimu, Mukuru uliwapa ngapi?"

"Themanini na nane." Hakufikiri hata kidogo. "Miaka yangu yote sijawahi kumpa mtu themanini na nane. Nilibonyeza, nikajiambia, leo umezeeka vibaya." Akacheka, kisha akaniona uso. "Kwani nini, mwanangu?"

Themanini na nane. Jumla ingekuwa mia mbili na arobaini na sita. Nilimweleza pale pale, kizibo kikiwa kiganjani, na fundi wa akala akaacha kugonga ili asikie. Mwalimu hakunikemea. Alisema tu, "Wale watu walinitazama waliposhuka. Nilidhani wananishukuru. Sasa wananionaje?" Akavaa kiatu chake kabla gundi haijakauka.

Jioni nilimkuta Mama Rasoa jikoni akichambua mboga. Niliketi kwenye kigoda bila kuvua viatu, nikamweleza kila kitu: kizibo, nafasi tupu, Madam, Kariokor. Mikono yake haikusimama mpaka nilipomaliza.

"Ulijua lini?"

"Sikujua, Mama. Niliogopa kujua."

"Hiyo ndiyo kujua." Akasukuma majani kando. "Wiki nzima unakula hapa. Unanitazama nikipangusa kile kinanda. Mumbua, ulinitembeza mtaani na kitu cha watu!"

Chakula kilipoiva alinipakulia kama kawaida, na hilo lilinishinda kuliko kama angeninyima. Alipomaliza kula ndipo aliposema, "Kwaya sitawaambia. Nikiwaambia hawataimba. Mimi nitasimama pale, niimbe. Wewe ndiye uliyeonyesha nchi uongo. Utajua utakavyofanya."

Alfajiri ya Jumapili sikusikia kinanda. Alikuwa ametoka gizani, kwa miguu, hadi Mukuru, akamwambia Zakayo jambo moja tu: njooni ukumbini leo, mkae mbele.

Kabla ya kipindi nilimweleza Madam, safari hii yote. Alifumba macho. "Sikiliza. Tutaandika barua. Tutawatafutia kitu, hata kinanda kingine. Lakini si hewani. Kituo hakijikani hewani." Nikasema sawa, Madam. Nilisema sawa kwa sababu ndivyo mdomo wangu ulivyozoea, nikaketi mbele ya mashine ya maandishi. Ochieng akachungulia mlangoni. "Kizibo chako kipo, dada. Nimekifunga utepe mwekundu. Atakayekigusa nitamuuma." Waya ulikuwa mzima, na kompyuta zote zikaitikiana.

Tukaingia hewani. Kwaya ya Mama Rasoa ikapanda, buluu, wakicheka. Mbele kabisa walikaa watu wa Mukuru, vitambaa vyeupe mikononi, wasijue wameitiwa nini. Niliandika maneno polepole, nikiyasoma mara mbili, kwa hofu ya kukosea hata herufi: Jumapili iliyopita alama za jaji wa tatu hazikuhesabiwa. Mshindi ni kwaya ya Mukuru kwa Njenga, mia mbili na arobaini na sita. Yalikaa kwenye kioo changu ambako mimi peke yangu niliyaona. Nilifikiri juu ya kazi yangu. Nilifikiri kwamba huenda ni vizuri zaidi kungoja ubeti wa pili, kisha huenda wa tatu. Nikamtazama Mama Rasoa kwenye picha. Hakuwa akiitazama kwaya yake. Aliitazama ile skrini iliyokuwa miguuni pake, akiimba, akingoja.

Nikabonyeza.

"Nini hiyo?" Madam alisema nyuma yangu. "Toa! Mumbua, toa hiyo kitu!"

Jukwaani sauti ya pili ilikatika, kisha ya tatu, mmoja mmoja wakiinamia skrini. Mama Rasoa peke yake aliendelea, akaumaliza ubeti kwa sauti yake nyembamba, kisha akashuka ngazi na kwenda moja kwa moja kwa Zakayo, akamshika mkono na kumwinua kutoka kwenye benchi. Mpiga picha akamfuata bila kuambiwa. "Toa, nimesema!" Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta, kimefika huko chenyewe, kwa mazoea ya utii. Nikakiondoa. Nikaiweka mikono yote miwili kwenye kiti, nikaikalia, na maandishi yakabaki pale pale, chini ya picha, nchi nzima ikisoma.